Nani hasa aliiua ATC ya zamani, shirika letu la ndege: Wasauzi, sisi wenyewe, au ilizaliwa na homa tangu 1977?

#1 Twiga wa Kipawa
Wakuu habari za jioni.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta wiki nzima, leo nimeamua liwalo na liwe. Mzee wangu alikuwa fundi wa ndege East African Airways, kituo chake Embakasi, Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 akarudi Dar na begi la nguo na sanduku la chuma la spana, basi, maisha ya miaka kumi na moja Nairobi yakaishia hapo. Akaingia ATC (Air Tanzania Corporation) ikiwa ndo inaanza, akafanya kazi mpaka akastaafu. Tumemzika mwaka juzi.

Sasa kwenye arobaini yake mimi na kaka yangu tukabishana mpaka mama akatunyamazisha. Kaka anasema shirika liliuliwa na Wasauzi kuanzia 2002. Mimi nasema mzee mwenyewe alikuwa akituambia hivi: "Wasauzi walimpokea mgonjwa, hawakumpa ugonjwa." Je nani yuko sahihi? Nataka watu waliokuwepo au wanaojua, kama ni siasa za vyama naomba tuziache nje.

#2 Jembe Halilali
Kaka yako yuko sahihi, funga uzi. Wasauzi walinunua asilimia 51 wakabadilisha kila kitu, abiria wetu wote wakapelekwa Johannesburg, kisha wakaondoka.

#3 Mhasibu wa Magomeni
#2 rekebisha hapo mkuu. Ilikuwa asilimia 49, siyo 51. South African Airways waliingia mwishoni mwa 2002 kwa dola milioni 20, nusu ya hizo ndo bei ya hisa na nusu nyingine mtaji wa kuendeshea, 51 zikabaki serikalini. Ndo hapo ATC, yaani shirika la umma, ikageuka ATCL, kampuni. Wakazindua upya Machi 2003. Septemba 2006 serikali ikazirudisha zile hisa kwa dola milioni 1.

Soma tena hizo namba mbili taratibu: milioni 20, miaka isiyofika minne, milioni 1.

#4 Jembe Halilali
Sawa 49, lakini mwenye kuendesha ni nani? Menejimenti yao, mfumo wa tiketi wao. Huyo ndo mwenye shirika, hisa ni karatasi tu.

#5 Dada wa Ohio
Shkamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nilikuwa kwenye mauzo ya tiketi miaka hiyo, si lazima niseme ofisi gani ila ATC House pale mtaa wa Ohio, Dar, nilikuwa naingia kama kwetu.

Jembe ana hoja na watu wasiipuuze. Zamani tiketi ya ATC ilikuwa inaanza na 197, hiyo ndo namba ya shirika letu duniani, kama namba ya gari. Kipindi cha Wasauzi tukawa tunakata tiketi za kuanzia 083 ambazo ni zao. Maana yake abiria akinunua Dar kwenda Mwanza pesa inapita kwenye mfumo wa Sauzi kwanza ndo hesabu zigawanywe. Walipoondoka 2006 ikabidi turudi 197 kama mtoto anayejifunza kutembea, mawakala wengine nje walishatusahau, unampigia mtu anakuuliza "TC ndo shirika gani tena?" (TC ni herufi za safari zetu) Nililia siku ile, nasema ukweli wa Mungu.

Lakini pia #1 baba yako hakukosea. Kabla ya Wasauzi hali ilikuwa mbaya, ndege zikihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na kuna vidole vinabaki.

#6 Mtani wa Embakasi
Watani wangu wa Bongo salamu kutoka Nairobi. Mimi nasoma nikishangaa vile mnaanza stori 2002. Hii kitu ilianza 1977, na hata kabla. EAA, yaani East African Airways, makao makuu ilikuwa hapa, na Tanzania na Uganda mlikuwa hamtumi pesa. Tiketi zinauzwa Dar na Kampala, pesa inabaki huko, madeni yanaletwa Nairobi. Kenya ikachoka. Kenya Airways ikaundwa Januari 22, 1977, Februari 4 ikaruka. Nyinyi mkaamka Machi. Mlikuwa mnangoja nini?

#7 Mnyamwezi wa Relini
#6 mtani umeanza uchokozi mapema. Tulikuwa tunangoja ndege zetu ambazo zilikuwa zimeegeshwa kwenu! Mali zote kubwa za shirika zilikuwa Embakasi, karakana Embakasi, ofisi Embakasi. Mkasimamisha shirika mkiwa mmelikalia. Ndo maana Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, Februari ileile ya 1977, na ukakaa umefungwa hadi 1983. Mjomba wangu alikuwa na lori la vitunguu lilikwama upande wa Namanga.

#8 Muganda wa Jinja
Jamani na sisi Uganda msitusahau. Sababu ya kweli ni Amin. Alipopindua 1971 Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na ile kamati ya marais watatu ndio ilikuwa na maamuzi ya mwisho kwa mambo yote ya Jumuiya. Haikukaa tena. Sasa shirika la ndege linalotaka kununua ndege, kupandisha nauli, kulipa deni, litaomba ruhusa kwa nani? Lilikuwa kama gari lina madereva watatu, wawili hawasemeshani.

Na sisi yetu ya Uganda Airlines ilifungwa 2001, ikarudi 2019. Tunaelewana.

#9 Fundi Spana 13
Uzi mzuri sana huu. #1 pole kwa msiba mkuu, wazee wa EAA walikuwa mafundi wa kweli, mimi nimefundishwa na mmoja wao.

Vijana wengi hawajui EAA lilikuwa shirika la aina gani. Lilianza Januari 1946 na vindege vidogo vya de Havilland Dragon Rapide, vya mbao na kitambaa. Miaka 14 tu baadaye, 1960, linarusha Comet 4 ya jeti mpaka London. 1966 linapokea Super VC10 mpya kutoka kiwandani, zilikuja kufika tano. Na angalia uungwana uliokuwepo: hizo VC10 walizigawa kwa usajili, nyingine zina 5X ya Uganda, nyingine 5H ya Tanzania, moja ilikuwa 5Y ya Kenya. Shirika moja, kila nchi ina ndege yenye alama yake kwenye bawa. Fundi wa Bukoba anafunga injini ya ndege ya Kampala ndani ya hanga la Nairobi. Mimi nikifikiria hilo kifua kinabana.

#10 Kiboko ya Nyasa
Na zote tano zikauzwa vyuma chakavu, ndo Afrika.

#11 Fundi Spana 13
#10 hapana mkuu, hapo umeteleza. Moja, 5X-UVA, iliungua Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Ilikuwa inakimbia kupaa, ikakanyaga chuma cha jeki kilichodondoka toka kwenye ndege ndogo, tairi likapasuka, rubani akakatisha safari ila breki hazikutosha ikavuka mwisho wa njia. Watu 43 walikufa kati ya 107.

Nne zilizobaki zilirudi kwa watengenezaji Uingereza kwa sababu ya deni, kisha jeshi la anga la Uingereza likazinunua likazigeuza kuwa ndege za kujazia wenzao mafuta angani. Zikaruka miaka mingine karibu thelathini! Ile iliyokuwa 5H-MMT, ya kwetu kabisa, ndo iliyopiga safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani, Septemba 25, 2013. Nyingine, 5H-MOG, ambayo ni VC10 ya mwisho kutengenezwa, imehifadhiwa huko Uingereza kama kumbukumbu.

Kwahiyo mtu asiniambie ndege zilikuwa mbovu. Ndege zilikuwa nzima. Kilichokufa ni mikataba.

#12 Twiga wa Kipawa
#11 umenitoa machozi. Mzee alikuwa akiona VC10 kwenye picha anataja namba ya usajili kama anataja mtoto wake. MMT alikuwa akiisema sana. Sikujua iliruka mpaka 2013, na yeye nahisi hakujua. Ningemwambia.

#13 Bwana Mahesabu
Naomba niingie na maelezo tofauti kabisa na ya nyote. Hakuna aliyeiua. Soko lenyewe lilikuwa dogo. Miaka ya 80 nani alikuwa anapanda ndege Tanzania? Mawaziri, mameneja wa mashirika ya umma, wagonjwa wa rufaa, watalii kidogo wa KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Fedha za kigeni hakuna, na spea ya Boeing huinunui kwa shilingi. Shirika lilinunua Boeing 737 mbili mpya mwishoni mwa miaka ya 70, pamoja na Fokker na Twin Otter za viwanja vya nyasi, halafu vita vya Kagera, halafu mafuta yanapanda, halafu uchumi unaanguka. Hata ungemleta malaika awe mkurugenzi.

#14 Mnyamwezi wa Relini
#13 nakubali nusu. Twin Otter ya Tabora niliiona utotoni, watu tulikuwa tunakwenda uwanjani Jumapili kuitazama inatua tu, hatusafiri wala hatumpokei mtu.

Ila soko dogo siyo jibu. Tazama Ethiopia. Shirika lao lilianza kuruka 1946, mwaka uleule wa EAA. Ni la serikali, asilimia mia. Nchi imepita njaa, utawala wa kijeshi wa Derg, vita, na walikuwa maskini kuliko sisi. Leo ndo wakubwa Afrika nzima. Sasa soko lao miaka ya 80 lilikuwa la nani?

#15 Mhasibu wa Magomeni
Swali zuri #14. Ninavyoelewa mimi tofauti ni kwamba serikali zote za pale, kuanzia Mfalme hadi Derg hadi waliofuata, ziliacha shirika liendeshwe kibiashara, na walianza na Wamarekani wa TWA kwa mkataba wa kuwafundisha mpaka Waethiopia wenyewe wakashika. Wana chuo chao cha marubani na mafundi, wana karakana ambako mashirika mengine yanapeleka ndege na kulipa. Sisi kila waziri mpya anakuja na mkurugenzi mpya.

#16 Jembe Halilali
Yaani Ethiopia walichukua Wamarekani wakafaidika, sisi tukachukua Wasauzi tukafilisika, halafu mnasema Wasauzi hawana kosa. Nipo pale nimekaa.

#17 Dada wa Ohio
Jembe mdogo wangu hahaha. Lakini hebu niongeze kitu, kabla ya 2002 tulishakuwa na ndoa nyingine na haohao Wasauzi, wengi mmeisahau. Alliance Air. Ilianza 1995, Tanzania, Uganda na South African Airways, ndege ilikuwa Boeing 747SP, ile jambojeti fupi kama imekatwa tumbo, makazi yake upande wa Entebbe, inaenda mpaka London. Ikafa 2000 na madeni. Kwahiyo 2002 tulikuwa tunamrudia mchumba yuleyule.

#18 Muganda wa Jinja
Eh Alliance! Dada umenikumbusha mbali, shangazi yangu alienda nayo Heathrow akarudi na chumvi na pilipili za ndani ya ndege, tuliziweka kabatini kama vyombo vya wageni.

#19 Nahodha wa Nchi Kavu
Mada inakwenda vizuri ila naona mnaruka kipindi muhimu kuliko vyote, 2007 mpaka 2015. Hapo ndo ilikufa kabisa na Wasauzi walishaondoka, kwahiyo #2 hutawalaumu hapo.

Ile Airbus A320 iliyokodishwa 2007 mnaikumbuka? Iliruka muda mfupi, ikapelekwa nje kwa matengenezo makubwa, ikakaa, kodi inahesabiwa. Deni lake likawa mamilioni ya dola na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikalisema mwaka baada ya mwaka. Desemba 2008 TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ikazuia cheti cha kuruka kwa mambo ya usalama na nyaraka, shirika la taifa likakaa chini wiki kadhaa msimu wa sikukuu. Machi 2010 Boeing 737 ikateleza Mwanza. Aprili 2012 Dash 8 ikaanguka ikipaa Kigoma, watu 39 ndani na kwa rehema za Mungu hakufa hata mmoja. Baada ya hapo taifa la watu zaidi ya milioni 40 likabaki na Dash 8 moja.

#20 Mwana Kigoma
Hiyo ya Kigoma 2012 naifahamu vizuri, ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Bamkubwa alikuwa ashuke Dar kwa matibabu ya macho ila alikosa nafasi akapangiwa siku nyingine. Mji mzima ulikwenda kuangalia ilivyolala kwenye majani. Baada ya hapo kwetu ikawa treni tu au basi la siku mbili vumbi tupu, mtu akifariki Muhimbili kumleta nyumbani ni mtihani. Watu wa Dar mkisema shirika la ndege ni fahari ya wakubwa mnanikera kwa kweli, kwetu ni daraja.

#21 Kiboko ya Nyasa
#20 sawa kabisa, Songea vilevile.

#22 Mtani wa Embakasi
Nimerudi. Mmejadili vizuri watani, nimesoma yote. Lakini mbona hamtaji dawa yetu? KQ, yaani Kenya Airways, 1996 ilibinafsishwa, KLM ya Uholanzi wakachukua asilimia 26, hisa zikauzwa soko la Nairobi, hata babangu alinunua. Ikawa fahari ya Afrika. Hata Precision Air yenu, shirika binafsi, tulinunua asilimia 49 mwaka 2003.

#23 Bwana Mahesabu
#22 mtani malizia hadithi basi. Baada ya hapo KQ ikala hasara zaidi ya miaka kumi mfululizo, serikali na mabenki yakabadilishiwa madeni kuwa hisa, faida imekuja kuonekana 2024, shilingi bilioni 5.4 za Kenya. Nawapongeza kwa moyo safi, lakini kama dawa inafanya kazi miaka kumi kisha mgonjwa anarudi wodini, hiyo dawa ni ya maumivu tu.

Na Precision usisahau mwanzilishi wake alitoka haohao EAA na ATC. Mbegu ni ileile.

#24 Mtani wa Embakasi
#23 hapo umenipata, naondoka polepole. Ila bado hamkutuma pesa.

#25 Mnyamwezi wa Relini
Zikaja kugawanywa Arusha 1984, yule Mswisi Umbricht akapatanisha mali na madeni ya Jumuiya. Wastaafu wa Jumuiya walikaa barabarani Dar miaka mingi wanadai mafao yao, nadhani mzee wa #1 alikuwa kundi hilo.

#26 Twiga wa Kipawa
#25 alikuwemo. Alikuwa anaondoka nyumbani alfajiri amevaa shati lililopigwa pasi kana kwamba anaenda kazini, kumbe anaenda kukaa chini na wenzake. Hakutaka twende naye. Mpaka leo bahasha ya barua zake za madai iko kwa mama, siwezi kuifungua.

#27 Binti Kariakoo
Poleni sana Twiga. Mimi ni wa kizazi cha juzi, EAA nimeisikia humu. Nachojua mimi ni kuanzia 2016, ndege mbili za Q400 zilivyoshuka Dar Septemba, nilikuwa chuo tukaangalia kwenye runinga ya kantini. Kisha Dreamliner Julai 2018, A220 ya kwanza Desemba 2018, tukawa wa kwanza Afrika kuwa nayo. Nafanya biashara ya nguo, nimekwenda Guangzhou na ndege yenye twiga mkiani, wahudumu wanakuambia karibu kwa Kiswahili, nimezungukwa na wafanyabiashara wenzangu wa mtaa wa Kongo wamebeba sampuli mapajani. Sitasahau. Na mama yangu alipelekwa India kwa moyo kwa ndege hiyohiyo ya Mumbai bila kubadilisha ndege njiani, kwa mgonjwa hilo ni kubwa mno.

Kwahiyo nauliza, mbona mnaongea kama maiti? Si imefufuka?

#28 Mhasibu wa Magomeni
#27 binti imefufuka ndio, nami nafurahi, ila kufufuka siyo kupona. Hasara kwa ripoti za CAG: 2021/22 bilioni 35.2, 2022/23 bilioni 56.6, 2023/24 bilioni 91.8. Inapanda.

#29 Fundi Spana 13
#28 weka na sababu mkuu, usitupe namba peke yake. Zile injini za A220, Pratt & Whitney, zimesumbua dunia nzima, zinatakiwa kushushwa kabla ya muda na za akiba hakuna. Ndege zetu zimekaa chini miezi na miezi na mishahara ya marubani wake inaendelea. Waswisi wenyewe na Walatvia wamelia na injini hizo. Huwezi kumlaumu mtu wa Dar kwa injini ya kampuni ya Marekani.

Unaweza kumlaumu kwa kununua ndege za aina nne tano kwa shirika dogo. Q400, A220, 787, 737 MAX, ile 767 ya mizigo. Kila aina ina marubani wake, mafundi wake, spea zake. Ethiopian anaweza, ana zaidi ya ndege mia. Sisi kumi na kitu!

#30 Nahodha wa Nchi Kavu
Na jambo lingine ambalo wengi hawalijui: ndege hizo hazikununuliwa kwa jina la ATCL. Zilinunuliwa kwa jina la Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, ATCL akakodishiwa. Wengine wanasema ni ujanja mzuri kwa sababu madeni ya zamani ya ATCL yasizikamate. Wengine wanasema ndo mzigo, shirika lililipa kodi hata ndege ikiwa imelala.

#31 Kiboko ya Nyasa
Ujanja gani wakati zilikamatwa? Canada walikamata, Johannesburg 2019 wakakamata A220 kwa lile deni la Canada.

#32 Nahodha wa Nchi Kavu
#31 unachanganya kesi. Q400 ya 2017 Canada ilikuwa deni la mkandarasi wa barabara, Stirling, kama dola milioni 38, Tundu Lissu ndo alilisema hadharani, ikaachiwa 2018. Johannesburg Agosti 2019 ni kesi ya mkulima Hermanus Steyn, mali zake zilitaifishwa miaka ya 80 akadai fidia, ikaachiwa Septemba, kisha akaikamata Q400 nyingine Canada Novemba. Ya tatu ni Uholanzi mwishoni mwa 2022, hiyo ni Waswidi wa mradi wa miwa Bagamoyo. Hakuna hata moja ambayo ni deni la shirika la ndege! Yote ni madeni ya serikali. Ndege ndo mali ya serikali inayokwenda nje yenyewe, huwezi kukamata barabara ya lami.

#33 Jembe Halilali
#32 hapo nimejifunza kitu, shukrani. Kwahiyo nabadilisha kidogo msimamo: Wasauzi ni asilimia 49 ya kosa, serikali 51.

#34 Dada wa Ohio
Kama hisa zilivyokuwa!

Halafu wakubwa tumeongelea pesa tu, hakuna aliyetaja utekaji wa 1982. Februari 26, Boeing 737 yetu ilikuwa inatoka Mwanza kuja Dar, vijana wakaiteka, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted Uingereza, wanamtaka Mwalimu ajiuzulu. Ikaisha tarehe 28 kwa kujisalimisha. Nilikuwa darasa la tano, jirani yetu mama mmoja mumewe alikuwa ndani ya ndege, mtaa mzima ulihamia kwake na redio. Watu hawakupika siku mbili. Aliporudi yule baba alikuwa hazungumzii kabisa, ila hakupanda ndege tena, Mwanza alikuwa akienda kwa treni mpaka anazeeka.

#35 Mwana Kigoma
Dada Ohio hiyo sikuijua kabisa daah.

Kuhusu huduma, mimi mwaka jana nilikwama uwanjani kwa muda wa masaa tisa, kampuni moja ya hapahapa nchini jina naliacha, hakuna aliyekuja kutuambia lolote mpaka mama mmoja mwenye mtoto mchanga akaanza kulia. Maji tukanunua wenyewe. Kuchelewa kunatokea, injini ni injini. Ila mtu kusimama mbele ya abiria aseme "ndugu zetu tumeharibikiwa, tutaondoka saa fulani" hiyo haihitaji dola wala injini ya Marekani.

#36 Binti Kariakoo
#35 hapo umesema yangu yote.

#37 Bwana Mahesabu
Na msisahau Ulaya. Desemba 2024 Air Tanzania imewekwa kwenye orodha ya kuzuiwa anga ya Umoja wa Ulaya, Juni 2025 wakaongezwa wote waliosajiliwa Tanzania. Hiyo inagusa usimamizi wetu wa usalama wa anga mzima, ukaguzi, wataalamu. Turudi kwa #1: mafundi wa EAA walirithisha nani? Waliostaafu wakati shirika lina ndege moja hawakuwa na kijana wa kumfundisha. Pengo la miaka ishirini hulizibi kwa kununua ndege. Mimi hapo ndo naona kifo chenyewe, siyo 1977 wala 2002.

#38 Fundi Spana 13
#37 nakazia kwa herufi kubwa. Nilipoanza kazi tulikuwa vijana watatu na wazee kumi na mmoja. Wazee wakaondoka mmoja mmoja, vijana wawili wakaenda Uarabuni, mshahara mara nne. Nimebaki mimi na sanduku nililoachiwa.

#39 Twiga wa Kipawa
Asanteni wote, kaka yangu anasoma humu kimyakimya na amenipigia, bado anasema Wasauzi. Mama anasema ni Amin. Mimi sasa sijui.

#38 mkuu, sanduku la mzee bado lipo uvunguni, spana karibu zote zimekamilika, zimechongwa EAA kwenye mpini, ila kuna kifaa kimoja sikijui, kama bisibisi imepinda pembe mbili na mwisho wake kuna kioo kidogo cha duara. Ni cha nini?

#40 Fundi Spana 13
Hicho ni kioo cha kukagulia, unaingiza nyuma ya injini mahali macho hayafiki uone nyufa. Usikitupe wala usimpe mtu. Kipige picha uniletee inbox, na kama kuna namba imechongwa karibu na kioo nitumie pia, nadhani naweza kujua ni cha kituo gani.

#41 Kiboko ya Nyasa
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo, anayejua ratiba ya Songea ya wiki hii, Alhamisi ipo au imesogezwa?